Miaka Mitano Bila Kazi, Sasa Nataka Kuwa Afisa wa Jeshi

Hujambo Shangazi? Naomba usinicheke.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mzaliwa wa 1997, kutoka Kaunti ya Bungoma. Ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne, na baba alituacha nikiwa kidato cha pili. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilifanya 2014 nikapata B+. Digrii yangu ya uhandisi wa umeme niliipata mwishoni mwa 2020, mwaka ule wa korona, na mahafali tuliyatazama kwenye simu. Mama alikuwa amemfuga mbuzi wa sherehe. Tulimchinja hivyo hivyo, tukamla kimya kimya kama watu walio matangani.

Tangu siku hiyo sijafanya kazi. Nilikaa kwa binamu yangu Kayole miezi minane nikizunguka na bahasha, soli za viatu zikaisha, nikarudi nyumbani. Zamani kijijini waliniita "injinia" kwa heshima. Bado wananiita hivyo, lakini sasa mtu hulitamka huku akimkonyeza mwenzake. Mdogo wangu, ambaye hakwenda chuo, ana boda boda, na ndiye hunitumia pesa za bando. Kwenye harusi na mazishi huwa nakaa nyuma, nisije nikaulizwa niko wapi siku hizi.

Kutwa nashinda na fundi mmoja wa stima hapa sokoni. Tunaingiza nyaya kwenye nyumba za watu. Mwaka jana tulifanya shule ya msingi nzima, madarasa manane na ofisi. Mota ya kinu cha mahindi ikiungua, mimi ndiye naitwa kuifunga upya. Lakini hiyo si kazi, Shangazi, ni kushikilia roho tu.

Jeshi nililipenda tangu utotoni, ila baada ya chuo niliona kwanza nipate kazi ya uhandisi. Sasa nimeamua: nataka kwenda chuo cha kijeshi cha Lanet nikawe afisa. Shida ni kwamba tangazo la kadeti, yaani wanafunzi wa uafisa, nililoliona lilisema miaka 18 hadi 26. Kuna mzee mmoja wa kijiji jirani anayesema ana mtu wake "ndani". Anataka shilingi 350,000, na atanisaidia kitambulisho kisomeke nina miaka 25. Mama ameuza ndama akampa 40,000 za kuanzia. Sasa anatafuta mnunuzi wa nusu ekari, kwa sababu huyo mzee anasema nafasi zinafungwa mwisho wa mwezi.

Nisaidie. Je, umri umenipita? Nikiulizwa miaka hii yote nilikuwa wapi, nitasema nini? Deni la HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, sijalipa hata senti, litanizuia? Na nimeongeza kilo 11 tangu chuo, ingawa nimeanza kukimbia alfajiri na buti za mjengo nikibeba mfuko wa mchanga mgongoni.

Injinia wa Jina, Bungoma

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, kabla hujamaliza kusoma aya hii, mwambie mama asiuze shamba. Mengine yatafuata.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chai ya saa kumi. Mzee wangu alitumikia jeshi la nchi kavu hadi alipostaafu akiwa sajini, na mambo ya sare sipendi kuyajibu peke yangu. Alisikiliza bila kusema neno hadi tulipofika kwenye mfuko wa mchanga, hapo akacheka hadi chai ikamwagika. Nitakuambia alichosema, lakini tuanze na huyo mtu wa 350,000.

Tangazo la kweli la KDF, yaani jeshi letu la Kenya, hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, na siku ya mwisho ya kutuma maombi huandikwa wazi. Kwa wanaotaka kuwa maafisa, maombi hutumwa kwa mtandao. Hakuna ada. Majina ya wanaoitwa kuhojiwa yamekuwa yakichapishwa hadharani. Basi mwambie huyo mzee akuonyeshe tangazo lenye hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi. Hatakuonyesha, maana mwisho wa mwezi wenyewe ni wa mfuko wake.

Karibu kila msimu wa usajili, husomwa habari za vijana waliofika langoni mwa kambi ya mafunzo kule Eldoret na masanduku yao, barua za kuitwa mkononi, wazazi wamewasindikiza hadi stendi, kumbe barua ni za kughushi. Wengine hukamatwa papo hapo. Fikiria mama yako akikupungia mkono, nusu ekari imeshaandikwa jina la mtu mwingine, nawe unaelekea selo.

Ujue pia kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa naye ana kosa, si anayepokea peke yake. Kwa hiyo ile 40,000 sitakudanganya kwamba itarudi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa kama zilipitia huko, muulize wakili au ofisi yoyote inayotoa msaada wa sheria bure jinsi ya kuripoti bila mama kujitia matatani, na msimwongeze hata mia. Najua ndama aliuma. Lakini watu hutoa shamba lote kwa sababu tu wanaona uchungu kupoteza ndama.

Sasa hilo la kukufanya uwe na miaka 25. Nilichukua kalamu. Mwenye miaka 25 leo alizaliwa 2000. Wewe ulifanya KCSE 2014, kwa hiyo darasa la kwanza uliingia 2003, mwaka ule Kibaki alipofuta karo na watoto wakafurika shuleni. Kwa kitambulisho cha huyo mzee, uliingia darasa la kwanza ukiwa na miaka mitatu, na kidato cha nne ukamaliza na kumi na minne, ukiwa na B+! Afisa atakayepanga vyeti vyako mezani hatahitaji mpelelezi. Atahitaji vidole vyake kumi tu. Kughushi hati ni jinai, na aliyepatikana na hatia hiyo mlango wa jeshi humfungia moja kwa moja, na milango mingine mingi ya serikali pia.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ulikuwa unanunua uongo usiouhitaji. Tangazo uliloliona ni la kadeti wa kawaida, wale wanaoitwa GSO, na kweli kwao mwisho umekuwa miaka 26. Lakini mlango wa maafisa si huo mmoja. Kuna maafisa wataalamu: madaktari, wanasheria, wauguzi, wahandisi. Hawa huingia na digrii zao mkononi, na kwa wengi wao matangazo yamekuwa yakiruhusu hadi miaka 30. Nao hupitia Lanet, ila kozi yao ni fupi kuliko ya GSO. Wewe una 28 na ni mhandisi wa umeme. Umri haujakupita. Ulisimama kwenye foleni isiyo yako.

Hata hivyo usishangilie mapema. Wataalamu hawatafutwi kila siku. Jeshi hutangaza linapowahitaji, na hutaja fani linazozitaka. Mwaka huu linaweza kutaka madaktari na wanasheria, wahandisi wa umeme wasitajwe hata kidogo. Una kama miaka miwili ya kungoja, na kungoja huko kuwe kwa kazi.

Kazi ya kwanza ni EBK, ile bodi ya wahandisi. Umejisajili nao kama mhandisi mhitimu? Barua yako ndefu haikutaja, nami nahofia jibu. Matangazo ya maafisa wataalamu huwataka waombaji wawe wamesajiliwa na bodi ya taaluma yao. Hakikisha kwanza kozi ya chuo chako inatambuliwa na bodi hiyo, kisha ufuate taratibu zao. Ukingoja hadi tangazo litoke ndipo uanze kukimbizana na makaratasi, siku zitakuishia kwenye foleni ya saiba. Kwa sasa usajili huo utakufaa kuliko wiki nzima ya mbio.

Na kuna mlango wa tatu ambao nakutajia hali najua utakunja uso. Jeshi huchukua pia mafundi, wenye cheti au diploma ya ufundi. Hao hufunzwa Eldoret pamoja na makurutu wengine na hutoka wakiwa askari, si maafisa. Nao umri umekuwa ukifika 30. Mzee wangu aliingia kwa njia ya namna hiyo, fundi wa magari, na nyumba hii ninamoandikia ilijengwa kwa spana. Ukifanya mtihani wa ufundi wa nyaya wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, utapata cheti kitakachokufaa hata ukibaki Bungoma. Sikwambii uchague mlango huo. Nataka tu ujiulize, ukiwa peke yako, kama unachotaka ni kazi ya jeshi au ni nyota begani za kuwaonyesha wale wanaokonyezana.

Nakuuliza hivyo kwa sababu jeshi si mahali pa kukimbilia aibu. Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia, na hadi leo kuna wa Kenya walio huko. Januari 2016, kambi ya El Adde ilipovamiwa na Al-Shabaab, mzee wangu alikuwa ameshastaafu, lakini kulikuwa na wanawake niliowajua waliokaa siku kadhaa wakiitazama simu tu. Wengine walipigiwa. Mama yako ambaye yuko tayari kuuza shamba, mmezungumza naye kuhusu hilo? Mweleze wewe mwenyewe, asije akalijua kwenye taarifa ya habari. Akishaelewa na bado akakubali, na wewe bado ukitaka, basi enda na moyo mkunjufu.

Sasa swali unaloliogopa, la miaka mitano. Umeniandikia kwamba tangu 2020 hujafanya kazi. Mistari michache baadaye umeniandikia kwamba umeingiza nyaya kwenye nyumba za watu, umeipa stima shule yenye madarasa manane na ofisi, na kinu kikiungua unaitwa wewe. Mwanangu, hiyo ikiwa si kazi, walimu wa shule hiyo wanawasha nini usiku? Nimesoma barua za watu waliokaa bila kazi kwelikweli, wanaoamka saa tano na kulala tena saa saba. Wewe si mmoja wao. Ulichokosa ni mshahara na barua ya ajira, na kwa kukosa hivyo ukajifutia miaka mitano kwa mkono wako. Usiende kuifuta tena mbele ya jopo la usaili.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika kila kazi unayoikumbuka: mwaka, mwezi, mahali, mlifanya nini, mlikuwa wangapi, nani aliongoza. Kamwombe mwalimu mkuu barua ya kuthibitisha kazi ya shule. Mwombe fundi wako naye akuandikie. Ila hapa nikuulize jambo: huyo fundi ana leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia nishati? Kazi ya nyaya inahitaji leseni, na jopo la wanajeshi linaweza kuwa na mhandisi anayejua hivyo. Akiwa nayo, sema wazi ulifanya kazi chini yake. Akiwa hana, usimtafutie visingizio mbele ya watu, mshawishi aikate, na wewe uanze safari ya kupata yako.

Ukiulizwa, utajibu kwa Kiingereza, lakini lifikirie jibu kwanza kwa lugha unayoota nayo. Mimi ningesema hivi: "Nilihitimu mwishoni mwa 2020. Nilitafuta kazi ya uhandisi Nairobi kwa miezi minane, sikupata. Nikarudi nyumbani, nikajiunga na fundi wa stima. Tumeweka nyaya katika nyumba za watu na katika shule moja yenye madarasa manane. Mota za vinu vya mahindi nazifunga mwenyewe. Nimejifunza kukadiria vifaa kwa pesa kidogo, na kumweleza mtu asiye mhandisi kwa nini waya mwembamba utamchomea nyumba." Kisha nyamaza. Usilaumu serikali, usitaje kabila la waliopata, usiombe kuhurumiwa. Wakikuuliza kwa nini hukuja ulipokuwa na miaka 24, waambie ukweli: ulitaka uhandisi kwanza. Afisa mtaalamu ni mhandisi aliyevaa sare, kwa hiyo ukweli wako unaelekea kule kule wanakotaka.

Jizoeze jibu hilo mbele ya mtu. Si kioo, mtu. Mwite yule mdogo wako wa boda boda akuulize kwa ukali, "Miaka mitano ulikuwa unafanya nini?" Kumjibu yeye ndiko kutakuwa kugumu zaidi, nadhani hata wewe unajua.

HELB nayo, sijasikia mtu akifungwa kwa kukosa kazi na kushindwa kulipa, lakini deni hilo halilali. Bodi hukupa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kisha faini ya 5,000 huanza kujumlika kila mwezi. Wewe una miaka kadhaa ya faini tayari, na ukijificha itazidi kupanda. Nenda Huduma Centre ya Bungoma na kitambulisho, ujue unadaiwa ngapi hasa, uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Hata elfu moja kwa mwezi kutoka kwenye pesa za nyaya ni mwanzo. Sikiliza pia matangazo yao, kwani mara kadhaa bodi hiyo imewasamehe faini wanaolipa deni kwa mkupuo. Nafasi nyingi za serikali hudai hati ya kuthibitisha umemalizana nao au unalipa, kwa hiyo hata jeshi likishindikana hutakuwa umepoteza kitu.

Ukiwa hapo Huduma, anza pia kutafuta cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unaomba kupitia eCitizen, unalipa 1,050, kisha unapigwa alama za vidole.

Mwili nimemwachia mzee. Anasema matangazo kwa miaka mingi yametaka urefu usiopungua futi 5 na inchi 3, na kwa mwanamume uzito usiopungua kilo 54 na nusu hivi. Kilo zako 11 za ziada hazitakuangusha kwenye mizani. Zitakuangusha kwenye mbio, na mbio ni jambo la miezi, si la wiki mbili. Anza kwa kutembea haraka na kukimbia kwa zamu, siku nne kwa juma, upumzishe mwili siku zinazobaki. Punguza ugali wa usiku, mzee anasisitiza usiku. Nenda kliniki sasa hivi ukapimwe shinikizo la damu, macho, na meno. Jino lililooza ukaling'oa au kulitibu leo ni jambo dogo, likigunduliwa na daktari wa jeshi asubuhi ya uchunguzi hakuna atakayekusubiri urudi.

Na kuhusu mfuko wa mchanga: mzee amesema hata huko Lanet hawataanza kukuua siku ya kwanza, kwa nini unajiua mwenyewe Bungoma? Mtu asiyekimbia kwa miaka mitano akibeba mchanga juu ya buti za mjengo anatafuta goti bovu, na goti bovu halipiti uchunguzi. Umwage mchanga. Nunua raba za mtumba zenye soli laini, Jumamosi sokoni utazipata.

Ukishapata jibu la EBK niandikie, na unitajie ile nusu ekari imepandwa nini.

Shangazi